Picha Haina Mgongo

Katikati ya Ramadhani iliyopita, saa kumi alasiri, msichana wa mtaa wa pili alifika barazani kwetu Mbagala na kitenge kwenye mfuko na simu mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

Akakaa kwenye benchi, akafungua simu. Ilikuwa video ya wimbo ambao siku hizo ulikuwa ukipigwa kwenye kila bajaji na kila saluni, na alikuwa ameisimamisha pale mwimbaji anapoinua mkono. Gauni la kung'aa limembana mpaka magotini, mkono mmoja umejaa kama puto, upande wa pili bega liko wazi.

"Nataka hii hii, kama ilivyo, ila bega lifunikwe."

Mama aliishika simu, akaisogeza mbali kidogo na macho yake, akaikuza picha kwa vidole viwili. Akatazama kiuno, akatazama mkono, akatazama pindo. Kisha akauliza swali ambalo nimekuwa nikimsikia akiwauliza wateja wa namna hii tangu nilipoanza kukaa pembeni ya cherehani yake nikiwa darasa la nne: "Na mgongo wake ukoje?"

Msichana akaipeleka video mbele, akairudisha nyuma. Mwimbaji hageuki. Anapotaka kugeuka, kamera inahamia kwenye gari. "Mgongo hauonekani, mama. Utajua mwenyewe."

Nina miaka 17. Nimekua nikisikia kwamba kizazi changu hakina kilicho chake: nguo tumeiga, nyimbo tumeiga, mpaka namna ya kutembea tumeiga kwenye simu. Baba mdogo husema hivyo kila akija kula kwetu Jumapili, na walimu wa zamu walituambia hivyo mstarini miaka minne mfululizo. Nimelitafuta jibu kwa muda mrefu, na nimelikuta palepale kwenye "utajua mwenyewe". Ni kweli tunaiga, sikatai. Lakini picha haina mgongo, na nguo lazima iwe nao. Nusu ya gauni lile ilibidi ibuniwe Mbagala, na mwanamke ambaye hajawahi kuingia kwenye studio ya kurekodi video.

Na hata ile nusu ya mbele haikuigika. Kitambaa cha mwimbaji kilikuwa cha kuvutika, kinachofuata mwili kama soksi. Kitenge cha pamba hakivutiki. Ukikikata kwa umbo la video, mvaaji hawezi kukaa, hawezi kuswali, hawezi hata kupanda daladala. Kwa hiyo mama alianza kupatana na kitambaa. Kiunoni alishona mikunjo minne myembamba, miwili mbele na miwili nyuma, ili nguo ikae bila kukaba. Kutoka nyonga kwenda chini aliiachia, na nyuma akaficha rinda moja linalofunguka mtu anapopiga hatua na kujifunga anaposimama. Msichana alikuwa ameleta yadi tatu tu, maana kitenge kizima cha yadi sita waligawana na dada yake, na mkono wa puto hula kitambaa. Mama akaipunguza puto ikabaki begani peke yake. Kipande kilichosalia hakikutosha kwenda wima mgongoni, akakiunga kwa mshazari, maua ya kitenge yakawa yanapanda kutoka kiunoni kushoto kwenda bega la kulia. Siku ya Idi watu waliuliza habari za ule mshazari kuliko kitu kingine chochote. Ulitokana na upungufu wa kitambaa.

Neno "kuiga" linaeleza wazo limetoka wapi. Halielezi limepitia wapi, na kwetu sisi njia lililopitia ndiyo kazi yenyewe.

Kwenye sanduku la bibi kuna picha ya babu iliyopigwa studio mwanzoni mwa miaka ya 1970, amesimama mbele ya pazia lililochorwa mnazi na bahari. Amevaa shati la kola ndefu, viatu vya raizoni vilivyomwongezea kimo, na suruali ya bugaluu iliyofunika viatu karibu vyote. Vijana wa sasa wakiiona picha hii wanamsifu babu kwa mavazi ya zamani, ya heshima. Hawajui kwamba jina la suruali ile limebeba muziki ndani yake: boogaloo ilikuwa dansi ya New York katikati ya miaka ya 1960, soul iliyochanganywa na midundo ya Kilatini. Babu hakuwahi kufika New York, na Tanzania Bara hapakuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Alichokiona ni majalada ya sahani za santuri na watu waliotangulia kuvaa. Bibi anasimulia kwamba suruali yenyewe ilikuwa nyembamba ya kawaida, fundi wa Magomeni akaifumua kwenye mshono wa nje kuanzia goti na kupachika kipande cha pembetatu. Kipande hicho hakikutoka kwenye kitambaa kilekile, kwa hiyo ukiitazama picha kwa makini unaona ulimi mweusi ndani ya suruali ya rangi isiyokolea. Bibi anasema ule ulimi ndio uliomvutia.

Wao pia waliambiwa wanaiga, tena kwa ukali kuliko sisi. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama kilichotawala wakati ule, ulipitisha azimio la Operesheni Vijana, na kuanzia tarehe 1 Januari 1969 sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua vikapigwa marufuku kwa sababu vilihesabiwa kuwa utamaduni wa kigeni. Baadaye mwaka huohuo muziki wa soul nao ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Nguo na muziki viliwekwa kwenye kesi moja, na washtakiwa walikuwa vijana, hasa wasichana. Bibi alikuwa na miaka 16. Ninapomuuliza walifanyaje, hazungumzii siasa, anazungumzia pindo. Fundi wao alikuwa akiacha pindo nene la inchi nne, likishikizwa kwa mkono, mishono mirefu. Msichana akienda sokoni analiachia. Akienda kwa shangazi yake ambako dansi lilipigwa uani, analikunja tena.

Mwaka uleule wa 1968 kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Ubungo kwa msaada wa China, na vitenge na kanga vyake vikawavalisha mama zetu kwa miongo mingi. Viongozi waliotaka vijana waache mavazi ya kigeni wengi wao walivaa suti ya kola fupi iliyoitwa Chu En-lai, kwa jina la waziri mkuu wa China aliyetembelea Tanzania mwaka 1965. Sisemi hivi kuwabeza. Walikuwa wanajenga nchi na walikuwa na haki ya kujiuliza tuvae nini. Ninachosema ni kwamba suti ile nayo ilikuja kama picha, ikapitia kwa mafundi wetu, ikafupishwa mikono kwa sababu ya joto la Dar es Salaam, ikawekewa mifuko minne, na leo mzee akiivaa hakuna anayemwambia ameiga. Muda ulipita, cherehani ikafanya kazi yake, nguo ikawa yetu.

Kitenge chenyewe kina ukoo wa namna hiyo. Michoro ya batiki ilikuwa ya Java. Waholanzi wakaigeuza kuwa kazi ya mashine, na kampuni ya Vlisco, iliyoanzishwa mwaka 1846 katika mji wa Helmond, ikaja kuwauzia watu wa Afrika Magharibi, na huko wanawake wa sokoni wakaanza kuipa majina na kuamua michoro ipi iishi na ipi ife. Leo vitenge vingi vinavyouzwa Kariakoo vimechapwa China. Na kanga? Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani hii walinunua leso za mraba zilizouzwa zikiwa kwenye mtando mmoja. Badala ya kuzikata mojamoja walikata sita, tatu juu na tatu chini, wakaziunga kuwa vazi. Wafanyabiashara wakaona, wakaagiza nguo iliyochapwa hivyo tangu mwanzo. Yaani kanga ya kwanza ilishonwa nyumbani, na kiwanda ndicho kilichoiga.

Napenda kukaa kidogo hapa kwa sababu hapa ndipo nguo na wimbo vinakutana kwa uchungu. Kaniki, ile nguo nyeusi ya bei rahisi, ilikuwa vazi la watumwa. Utumwa ulipofutwa Zanzibar mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliacha kaniki na kununua kanga ili mtu akiwaona njiani asiweze kuwasoma walikotoka. Kuvaa kanga mpya kulikuwa kusema: mimi ni mtu wa hapa. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyetoka Fumba akiwa muuza vyungu na akaenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928, alikejeliwa mjini kwa maneno haya haya, kwamba "kaja mjini na kaniki chini". Waliomkejeli walichagua nguo yake kwa sababu sauti yake hawakuweza kuigusa. Mtu anayesema mitindo ni upuuzi wa wasichana aulize kwa nini mwimbaji mkubwa kuliko wote wa zama zake alishambuliwa kwa nguo aliyojifunga kiunoni.

Sasa tuje kwenye muziki wa kwetu sisi, maana huko nako tunashtakiwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kijana wa Dar es Salaam, Saleh Jabir, alichukua mdundo wa "Ice Ice Baby" wa Vanilla Ice akaweka maneno ya Kiswahili. Kuiga kwa wazi kabisa, na mdundo wenyewe ulikuwa umejengwa juu ya besi ya wimbo wa Queen na David Bowie, kwa hiyo hata aliyeigwa alikuwa ameiga. Lakini jaribu kufoka kwa Kiswahili kwenye mdundo wa Kimarekani uone kinachotokea. Maneno yetu karibu yote yanaishia kwa irabu, na mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho. Hayakatiki ghafla kama ya Kiingereza. Yanamiminika, yanahitaji nafasi, na vina vinapatikana kwa wingi mpaka mwimbaji analazimika kutafuta ujanja mwingine ili asionekane anaimba wimbo wa chekechea. Kiswahili hakivutiki kama kitambaa kile cha video. Ni kitenge. Kwa hiyo waliofuata walilazimika kufanya alichofanya mama: kuachia hapa, kukunja pale, kuunga kwa mshazari. Mashairi yakaingia, mafumbo ya taarabu yakaingia, na kilichotoka upande wa pili ni Bongo Fleva, muziki ambao leo watoto wa Nairobi, Bujumbura na Goma wanauimba kwa moyo.

Singeli inanisisimua zaidi kwa sababu mshono wake unaonekana waziwazi. Vijana wa Manzese, Tandale na Mburahati walichukua vipande vya taarabu na mchiriku, ngoma ya mitaani ya Dar es Salaam, wakavikimbiza kwenye kompyuta za bei nafuu mpaka mapigo yakavuka 200 kwa dakika, na MC akapanda juu yake akisimulia kodi ya chumba, mama mwenye nyumba na mapenzi yasiyolipa. Ni kama kuchukua gauni la bibi na kulifumua lote, kisha kulishona upya likiwa suti ya michezo. Mjomba wangu akiisikia anafunga dirisha. Mimi nasikia ndani yake kinanda cha harusi alichocheza yeye mwenyewe.

Mapigo hayo yote yana watu walioyapitisha mikononi. Zuchu, mwimbaji wa Bongo Fleva, ni binti wa Khadija Kopa, na ukimsikiliza anavyobana neno kisha kuliachia mwishoni mwa mstari unajua amekaa pembeni ya mwimbaji wa taarabu akiwa mdogo, kama mimi nilivyokaa pembeni ya cherehani.

Kwa upande mwingine nakubaliana na baba mdogo, na inabidi niseme. Miaka hii zimetoka nyimbo nyingi zilizochukua amapiano ya Afrika Kusini nzima nzima: ngoma ileile, nafasi ileile ya besi, hata vionjo vya sauti vilevile, na juu yake maneno machache ambayo yangeweza kuimbwa na mtu yeyote. Amapiano ni muziki mzuri na waliouanzisha wamefanya kazi kubwa. Lakini nikisikia wimbo wa namna hiyo kutoka kwetu nauliza swali la mama: mgongo uko wapi? Mara nyingi haupo. Na kuna kitu kingine. Nyimbo nyingi mimi na wenzangu tunazijua kwa zile sekunde kumi na tano za kuchezea kwenye simu. Ubeti wa pili hatuujui. Ubeti wa pili ni mgongo wa wimbo, mahali ambapo kamera haifiki, na zamani ndipo mwimbaji alipokuwa akiweka neno lake zito kwa sababu alijua aliyefika hapo anasikiliza kweli. Siku hizi kuna nyimbo zisizo na ubeti wa pili kabisa, kiitikio kinarudi tu mpaka mwisho. Wanaoziandaa wanatujua.

Kwenye mavazi jambo hilihili linatokea mtaa wa Kongo, Kariakoo. Wimbo unatoka, na baada ya wiki chache tu gauni linalofanana na la kwenye video linaning'inia mlangoni mwa duka, saizi tatu, rangi nne, likiwa na mbele na nyuma. Mgongo umeshaamuliwa kiwandani, mbali sana, na mtu asiyejua kwamba wasichana wa Mbagala wana nyonga na joto. Bei yake elfu kumi na mbili. Kitenge na ufundi kwa pamoja vinavuka elfu thelathini. Sina neno la kumlaumu rafiki yangu anayeuza vitumbua asubuhi akiamua kununua la elfu kumi na mbili. Nami ninayo mawili. Moja lilipasuka kwapani mara ya pili kulivaa, na nilipolifungua ili nilirekebishe nikakuta hakuna akiba ya kitambaa ndani ya mshono, wamekata mpaka ukingoni. Nguo ya namna hiyo haifumuliki. Ukiongezeka kilo tatu ndiyo mwisho wake. Wala haimsumbui mvaaji sana, kwa sababu imeshapigwa picha, na nguo iliyokwisha kuwekwa mtandaoni wengi wetu tunaona aibu kuirudia. Nguo ya video moja, wimbo wa sekunde kumi na tano.

Watu wazima wakizungumzia mavazi hukimbilia mitumba, na naona wanakosea shabaha. Mtumba ni nguo iliyokatwa kwa ajili ya mwili mwingine, kwa hiyo karibu kila mmoja unapitia kwa fundi. Nenda Karume pale Ilala au Tandika asubuhi belo linapofunguliwa. Kijana anachagua suruali ya mzee wa Ulaya yenye kiuno cha 38, anavuka hatua kumi kwa fundi wa kubana mwenye cherehani moja chini ya mwavuli, na baada ya nusu saa anatoka na kitu ambacho mzee yule hawezi kukitambua. Modo, zile suruali za kubana miguuni, nyingi zilizaliwa hivyo, chini ya miavuli. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Rwanda ikapandisha ushuru mpaka dola 2.50 kwa kilo, Marekani ikajibu mwaka 2018 kwa kusimamisha unafuu wa nguo za Rwanda kwenye soko lake, na nchi nyingine zikarudi nyuma. Niliposoma habari hizo nilikuta viwanda, nikakuta wauza mitumba na ajira zao, nikakuta pamba yetu ya Simiyu na Shinyanga ambayo sehemu kubwa bado inauzwa nje kabla ya kuwa uzi. Fundi wa kubana sikumkuta. Na yeye ndiye mtu pekee katika mnyororo wote ule anayeigeuza nguo ya ugenini kuwa ya mtu wa Tandika.

Mafundi nao wana lao, na siwezi kulificha eti kwa kuwa mmoja amenizaa. "Njoo kesho" imewafukuza wasichana wengi kuelekea mtaa wa Kongo. Usiku wa mwandamo wa mwezi barazani kwetu hujaa, wengine macho mekundu, kwa sababu fundi alihesabia siku thelathini na mwezi ukaonekana siku ya ishirini na tisa. Mwaka juzi mama alishona mpaka adhana ya alfajiri na bado magauni mawili yalitoka bila vifungo. Wenye magauni hawakurudi tena, na walikuwa na haki. Anayetaka tuendelee kupita kwa fundi lazima adai pia fundi atimize ahadi. Ndiyo sababu mwaka huu nilikataa kuwa mtu wa kupiga pasi tu. Nilidai kukata.

Nguo yangu ya kwanza kukata peke yangu ilikuwa gauni langu la Idi. Nilikuwa na kitambaa cha pamba rangi ya samli, kilichong'arishwa upande mmoja, na wazo nililolitoa kwenye video: mikono mipana kutoka kiwiko kwenda chini. Nikakitandaza kitambaa vizuri, nikachora kwa chaki, nikakata. Nilipoanza kuishikiza mikono kwenye mwili wa gauni nikagundua kwamba nimekata mikono miwili ya kushoto. Nilikuwa nimelaza vipande viwili uso juu vyote, badala ya kuvielekeza uso kwa uso. Upande wa kulia mkono ulikaa kinyume, kiwiko kikitazama mbele. Mama alikuwa anakula tende, magharibi imeshaingia. Akaja akatazama, akanipa wembe.

"Fumua."

"Kitambaa kimeisha, mama."

"Fumua kwanza. Ukimaliza ndiyo ujue umebakiwa na nini."

Nilifumua mshono mmoja mmoja, kwa taa ya cherehani, wembe ukipita katikati ya nyuzi bila kugusa kitambaa. Kazi hiyo inafundisha mkono utulivu kuliko kushona. Nilibakiwa na mkono mmoja mzuri, mwingine usiofaa, na usiku wa manane nikaenda kwenye sanduku la bibi. Kulikuwa na kanga iliyochakaa katikati lakini pindo zake bado nzima, kahawia na nyeupe, jina lake limeandikwa "Wema hauozi". Asubuhi nilimwomba, akanipa. Mikono yote miwili nikaikata upya kwenye pindo za kanga ile. Ukanda wenye jina ukabaki mezani, mrefu, mwembamba, na nikakumbuka kwamba video yangu nayo haikuonyesha mgongo.

Nikauweka hapo. Wima, kutoka shingoni mpaka kiunoni, herufi zikiwa zimelala ubavu, na zipu nikaihamishia pembeni chini ya kwapa. Mama aliliangalia jina lile lililolala kwa muda. Hakusema zuri wala baya. Akalipindua gauni, akakagua mishono kwa ndani, akakuta nimeacha akiba ya nusu inchi kila upande, akanirudishia.

Idi mosi tulitembea kundi zima, na mtu fulani nyuma yetu alipiga picha bila sisi kujua. Watoto waliokuwa wakinipita njiani waliinamisha vichwa upande ili wasome. Wiki mbili baadaye nikiwa barazani napachika vifungo, alikuja msichana ambaye sijawahi kumwona, kutoka Kongowe, na kitenge kwenye mfuko. Akamwamkia mama, akafungua simu, akaonyesha picha aliyoitoa kwenye stetasi ya binamu yake. Mgongo wangu mimi, na maneno ya kanga ya bibi.

Mama akaishika simu, akaisogeza mbali na macho yake, akaikuza kwa vidole viwili. Hakunitazama.

"Na mbele yake ikoje?" akamuuliza.

"Haionekani, mama," msichana akajibu. "Utajua mwenyewe."